Nyumbani Banakungoja

Bukavu, Kadutu, Jumanne

Kwako mdogo wangu mpenzi Hervé,

Nakusalimu kwa furaha, na ninaomba barua hii ikukute mzima, umekula vizuri na umelala pakavu. Sisi hapa nyumbani tuko salama. Papa anakohoa kidogo asubuhi lakini anakataa kuvaa fulana, na Maman ana afya ya kutosha kutugombeza wote kabla ya chai. Mimi pia sijambo, ila sauti imenikauka kabisa, na sababu ya kukauka kwake ndiyo habari ninayokuletea. Je, huko Luhwindja mvua imepungua? Wenzako wa shimoni hawajambo? Bado mnapika kwa zamu, au umewachosha na maharage yako yasiyoiva?

Ningekupigia simu, lakini tangu Noeli kila tukikutafuta tunaambiwa hupatikani. Maman anasema huko milimani réseau ya simu ni mbaya. Papa anachukua mkasi na kuendelea kukata kitambaa. Tonton Josué anapandisha lori lake huko kesho na ameapa atakukabidhi barua hii mkononi, pamoja na sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwani, ambazo Maman amezifunga. Usiwaonyeshe wenzako zote mara moja.

Sasa kaa chini, maana habari ni ndefu.

Redio moja ya hapa mjini iliandaa shindano la mafans wa muziki, wakaliita Nyumba Moja, Nyimbo Tatu. Kila nyumba inaleta nyimbo tatu za wanamuziki inaowapenda: mmoja wa mzazi, mmoja wa mtoto, na wa tatu ni ule ambao nyumba nzima imekubaliana. Halafu mnasimama mbele ya watu kueleza kwa nini mmezichagua. Watakaoshinda, yule mzee Djo Mabele wa orchestre Lisanga Bana, ambaye anakuja kucheza hapa Jumamosi, atalitupa jina lao ndani ya wimbo jukwaani, na redio itarusha kila kitu moja kwa moja. Unajua mwenyewe libanga, kuitwa jina ndani ya wimbo, ni kitu gani kwa watu wa kwetu. Kuna wazazi wangekubali jina lao lisahauliwe kwenye misa ya shukrani, lakini si kwenye wimbo.

Nilipomsomea Papa tangazo hilo, aliacha mashine ya kushona katikati ya mguu wa suruali ya mtu. Wala sikuhitaji kumuuliza wimbo gani. Ni ule ule Mwinda ya Ndako wa Djo Mabele, tuliokua nao kama mtu wa tatu kati yetu sisi watoto. Ni pale katikati, gitaa linaponyamaza, animateur, yule anayeita majina, anapopiga kelele, “Floribert wa Bukavu, nyumbani banakungoja!”, kisha mwanamke mmoja anapiga kigelegele kinachokatika na kuishia kwenye kicheko, halafu seben inaanza, ile sehemu ya kucheza. Unakumbuka tulivyokuwa tunaigiza kicheko kile tukiwa tumejificha chini ya meza?

Unakumbuka pia yale tuliyomfanyia Papa. Yeye miaka yote anasema Floribert huyo ni yeye. Anasema alikuwa huko huko uliko wewe sasa, akichimba dhahabu, alikuwa amekaa muda mrefu bila kutuma habari kwa sababu hakuwa amepata kitu na alikuwa na haya. Akasikia jina lake kwenye redio ya mwenzake, akafunga mzigo, akarudi. Na mji mzima unamcheka, kwa sababu kila mtu anajua jina linalotupwa kwenye wimbo ni la tajiri aliyelipa, na tajiri mwenye jina hilo ni Floribert Ciment, yule mwenye depo ya saruji. Tena wakati ule Floribert Ciment alikuwa hatulii nyumbani hata siku ya mvua, kwa hiyo kuitwa arudi kulimfaa sana. Wewe mwenyewe, Hervé, siku ya Bonane ya mwaka jana, tukifungua mwaka mbele ya wageni, ulimwambia Papa kwamba akina Floribert ni wengi na hakuna orchestre ya Kinshasa inayomtafuta fundi wa nguo wa Kadutu. Tulicheka wote. Papa naye alicheka. Lakini tangu siku ile hakuuweka tena wimbo ule, na wewe siku chache baadaye ulipanda kwenda Luhwindja. Sikuandiki haya ili kukulaumu. Nakueleza tu kwa nini safari hii niliapa kwamba Papa atasimama na wimbo wake, hata kama tungezomewa mpaka Bagira.

Kuchagua kulikuwa vita. Wimbo wa mzazi, Papa alitaja Valise ya Gisèle, rumba ya polepole aliyoicheza kwenye harusi yake. Wimbo wa mtoto nilileta Usinizime wa Elodie Star, na Papa akauliza kama huyo binti anaimba au anaita teksi. Lakini usiku nilimwona anatingisha bega. Ubishi ulikuwa kwenye wimbo wa tatu. Papa alisema Mwinda ya Ndako. Nikasema ndiyo. Maman akasema hapana.

Lakini si hapana ya kawaida. Unamjua Maman Clémence na miziki ya dunia: yeye ni kwaya, ni Mamans Catholiques, ni sauti ya kwanza na vigelegele vya wakati wa matoleo. Wimbo ule hasa ndio ulikuwa unamkera kuliko yote. Kila ulipofika pale kwenye jina, alikuwa anagonga sufuria, au anatutuma maji, au anauliza nani amemaliza chumvi. Safari hii alisema tuchague wimbo wowote mwingine, hata wa yule binti wa teksi, lakini ule hapana, watu watamcheka tena Baba Hervé na yeye hataki kuona. Papa akajibu taratibu kwamba amechekwa miaka mingi na hajafa, na kwamba anataka kusema mara moja tu mbele ya watu ni wimbo gani uliomrudisha kwa watoto wake. Akasema wakimcheka safari hii, hatautaja tena mpaka kaburini. Maman alimtazama sana. Kisha akasema haya, tuuandike, na akatoka kwenda kuanua nguo ambazo alikuwa amezianika muda si mrefu.

Jumapili baada ya misa tulishuka Ibanda, kwenye ukumbi. Ulikuwa umejaa, watu wamesimama mpaka kwenye ngazi. Papa alivaa koti lake la rangi ya kahawa, lile alilolishona mwenyewe na kulifumua mara mbili kwa sababu ya bega moja. Anayeongoza alikuwa Raphaël wa redio, yule mwenye sauti nene na mwili mwembamba. Na kwenye meza ya jury, ya wale wanaoamua, utashangaa, alikaa Papa Adalbert, yule maître wa kwaya aliyestaafu, aliyekuwa anawafukuza waimbaji wake wakionekana tu karibu na orchestre ya dansi. Maman alipomwona pale, alikaa nyuma ya mwanamke mmoja mwenye kitambaa kikubwa cha kichwa na hakuinua shingo.

Walitutangulia watu wengi. Nyumba moja ya Panzi walicheza nyimbo zao zote tatu wakasahau kueleza, na ukumbi uliwapenda hivyo hivyo. Halafu akaitwa Floribert Ciment na binti yake. Mzee amenenepa, anatembea na fimbo, lakini bado ana tabasamu la mtu mwenye depo. Binti alichukua mikro na kusema wimbo wa nyumba yao ni Mwinda ya Ndako, na kwamba sababu haina haja ya kuelezwa kwa kuwa mji mzima unaijua. Ukumbi ulipiga makofi. Na waliofuata tulikuwa sisi.

Raphaël alipoona karatasi yetu alipiga mluzi kwenye mikro. Akasema nyumba mbili, wimbo mmoja, Floribert wawili. Akauliza watu kama wanataka kusikiliza, na watu walitaka kweli kweli. Papa akaeleza. Alieleza vizuri, Hervé, bila kujisifu. Alisema alikuwa kwenye shimo akiwa na haya ya kurudi mikono mitupu, na wimbo ukamwambia kwamba kuna watu wanaomngoja yeye, si dhahabu. Nilidhani watalia. Lakini kijana mmoja kule nyuma alipiga kelele, “Papa, ba Floribert beko mingi!”, maneno yako yale yale, na ukumbi wote ukacheka. Raphaël naye alicheka, kisha akasema kwa upole kwamba wimbo hauwezi kuwa wa nyumba mbili, na kama Papa hana shahidi, utabaki kwa waliotangulia. Papa alisema hana shahidi. Alianza kufunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Nilitamani ardhi inimeze na inipeleke huko huko mashimoni kwenu.

Ndipo nikamwona yule mwanamke wa kitambaa kikubwa anasukumwa pembeni, na Maman anapanda.

Hakuomba ruhusa. Alimnyang'anya Raphaël mikro akasema, “Shahidi iko hapa. Mumuache bwana yangu.”

Halafu akaeleza, na ninakuandikia kama alivyosema, kwa sababu mpaka sasa ninayasikia masikioni. Alisema wakati ule Papa alikuwa ametoweka huko Luhwindja, mimi nikiwa ndiyo naanza kuongea na wewe bado unanyonya, na kila aliyeshuka kutoka mashimoni alikuwa anasema hajamwona. Wakati huo huo Lisanga Bana walikuwa wamemaliza tamasha hapa, na ndege yao iliharibika uwanjani Kavumu, wakakwama. Paroisse, parokia yetu, ikawapa mahali pa kulala, na Maman akawa anapika pale pamoja na mama wengine. Wanamuziki wale walikuwa wamechoka na wana wasiwasi, na yeye akawa anawapikia sambaza na bugali mpaka wakaanza kumwita mama, hata wale waliomzidi umri. Siku moja walikuwa wanafanya mazoezi pale pale ukumbini, na fundi wa redio alikuja na mashine yake kuwarekodi. Djo Mabele akamwambia hawawezi kuondoka bila kumwachia kitu, aseme anataka nini. Yeye akasema anataka bwana yake arudi nyumbani. Djo akacheka akasema hana gari la kumfuata, lakini ana wimbo. Akamuuliza jina.

Maman akasema animateur alipoliita lile jina, yeye alikuwa amesimama mlangoni na sufuria kichwani, na furaha ilimpanda akasahau kwamba wanarekodi. Halafu pale pale mbele yetu alisogeza mikro mbali kidogo, akafumba macho, akapiga kigelegele.

Hervé! Kile kile. Kinapanda juu, kinakatika ghafla, kinaishia kwenye kicheko. Kigelegele ambacho nimekisikia kwenye wimbo maisha yangu yote, na kila Jumapili kwenye matoleo, maisha yangu yote, na masikio yangu haya mawili hayakuwahi kuviweka pamoja! Nani angefikiri? Wimbo ulikuwa wa dunia, Maman alikuwa wa kanisa. Na sufuria zile zote alizogonga, maji yote tuliyotumwa, kumbe alikuwa anajificha sisi tusimsikie.

Watu walisimama juu ya viti. Raphaël aliweka wimbo, ukafika pale, na ukumbi mzima ukamgeukia Maman na kupiga kelele kwa pamoja. Papa Adalbert aliinuka kwenye meza ya jury, na kwa sekunde moja nilidhani anamfukuza kwaya hata sasa. Akasema sauti hiyo aliitambua siku ya kwanza wimbo ulipopita redioni, lakini alijifanya hajasikia, kwa kuwa Noeli ilikuwa karibu na hakuwa na mwingine wa kuimba sauti ya kwanza. Ukumbi ulicheka mpaka ukaumwa mbavu. Na Floribert Ciment alikuja na fimbo yake, akamkumbatia Papa, akakiri mbele ya wote kwamba yeye hajawahi kuagiza libanga hata moja. Watu walimpongeza kwa wimbo ule naye akaona si adabu kuwakatalia. Bibi yake aliropoka kutoka kwenye kiti kwamba hata hivyo anamshukuru Maman Clémence, maana tangu wimbo ule utoke, mzee alikuwa anaona haya na anarudi mapema.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Papa. Alikuwa bado amesimama pale pale na mkono kwenye kifungo. Miaka yote aliamini kwamba Kinshasa inamfahamu. Niliogopa kwamba tumempa wimbo na kumnyang'anya kitu kingine. Akamsogelea Maman, akamuuliza kwa sauti ndogo, lakini mikro ilikuwa wazi na wote walisikia, “Kumbe ni weye ulikuwa unaniita?” Maman akajibu, “Na nani mwingine alikuwa anakungoja?”

Papa alilia, Hervé. Alilia akicheka, akamshika mkono, na Raphaël ambaye si mjinga akaachia seben. Wamecheza wale wazee! Maman wa Mamans Catholiques, na rozari shingoni, alicheza akashuka mpaka chini, akainuka bila kushikwa. Hapo ndipo sauti yangu ilipokwenda. Tukiwa njiani kupanda Kadutu nilimuuliza kwa nini alificha muda wote huo. Akasema mwanzoni alimwogopa maître wa kwaya. Halafu Papa aliporudi na kifua mbele, akisema ameitwa na orchestre kubwa, yeye akaona mwanaume aliyerudi bila dhahabu anahitaji kurudi na kitu, basi akamwachia hicho.

Tulishinda, bila shaka. Na hapa, mdogo wangu, nakuja kwenye jambo ambalo nimekatazwa kukuambia. Papa amenikataza, Maman amenikataza, na nimeahidi mbele yao wote wawili. Navunja ahadi hiyo kwa kalamu hii, na nikigombezwa utanitetea.

Raphaël aliuliza Djo Mabele alitupe jina gani ndani ya wimbo Jumamosi. Watu wote walikuwa wanamtazama Papa. Papa akasema yeye lake lilishatupwa, na anayejua kuita watu katika nyumba yetu ni mmoja, aulizwe yeye. Maman hakufikiri hata kidogo. Alisema, “Hervé wa Bukavu, nyumbani banakungoja.” Na ameomba akubaliwe kusimama jukwaani kando ya animateur, ili kigelegele akipige mwenyewe.

Walitaka usikie bila kutazamia, kama Papa alivyosikia. Mimi nimekataa kunyamaza kwa sababu nakujua. Ungekuwa umekaa na wenzako, jina lingepita, na ungesema akina Hervé ni wengi. Ndiyo, ni wengi. Huyu ni wewe. Kama dhahabu haikupatikana, hakuna hapa anayekuuliza dhahabu. Na kama ni yale ya Bonane yanayokushikilia huko, Papa alikwisha kuyacheka siku hiyo hiyo. Jana amekata suruali kwa kipimo chako cha zamani, na anauliza kila mtu kama umekonda.

Jumamosi mchana utafute redio. Jumapili Tonton Josué anateremka, na kiti cha mbele amekizuia. Nimemwambia ni cha nani.

Wasalimie wenzako wa shimoni wote, na yule anayekula maharage yako bila kulalamika umsalimie mara mbili. Papa anakusalimu bila kujua kwamba nimekuandikia haya. Maman hajambo, yuko nyuma ya nyumba anafanyia mazoezi kigelegele chake na majirani wanauliza nani ameolewa.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa anayekupenda na kukungoja,

Eulalie